Mkwezi Ndani ya Mtambo wa Sumaku

Usitikisike, baba, ananiambia Eliamani, binti wa kupiga picha hapa hospitalini, nami namjibu, mwanangu, nitikisike na nini, na miguu imejaa ganzi tangu nilipoporomoka mnazini? Anacheka kidogo, ananifunga mkanda, ananitia mkononi kipira cha kubonya nikizidiwa, kisha ananieleza tena taratibu. Eksirei imeonyesha pingili moja ya mgongo imepondeka, lakini haisemi kama imepondeka juzi au nilipoanguka ujanani, wala haionyeshi kama mfupa umeubana mshipa wa fahamu. Mtambo huu ndio unaoona. Picha zikitoka safi, daktari anapasua leo, na pengine miguu inarudi. Zikitoka na ukungu kwa sababu nimejigeuza, hawatajua pa kupasua, na miguu haingoji. Haya, bismillahi. Kitanda kinaingia kwenye tundu, dari linanikaribia pua, mtambo unaanza kugonga, ko ko ko ko, na usingizi wa ile sindano ya maumivu unanibeba mzimamzima.

Nasimama. Wallahi nasimama, kwa miguu yangu hii hii, kwenye njia ya mchanga mweupe isiyo na mwanzo wala mwisho. Nyumba za pande zote mbili ni vioo vitupu, na katika kila kioo naona mgongo wangu, nikigeuka ni mgongo, nikigeuka tena ni mgongo, uso wangu haumo. Ningefurahi kusimama, lakini moyo unanidunda: kama huku nimesimama, kule mtamboni nimefanya nini? Mtu anatokea kando yangu, kanzu safi, kofia ya vito iliyodariziwa, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini kama yai. Namuuliza, bwana, njia hii inakwenda wapi? Ananijibu, inakwenda alikolala anayeitembea. Nakasirika, namwambia, sitaki mafumbo mie, mgonjwa mimi, nataka kurudi. Kurudi ni kupanda, anasema, na ananionyesha mnazi, na mnazi wenyewe, mama yangu wee, ni pingili za mgongo wa mtu zilizopandana mpaka mawinguni, na huko juu moja imepondeka. Ipite ile, anasema, utoke na miguu yako.

Sasa, sisi wakwezi hatupandi hivi hivi. Kabla hujaweka mguu kwenye kipago cha kwanza kilichochongwa shinani unapiga ukelele, mkwezi juu, mkwezi juuu, ili wanawake walio uani wajisitiri na watoto waondoke chini ya nazi. Anayepanda kimya ni mchunguliaji, hana heshima, na mimi sijapanda kimya maisha yangu yote. Lakini ukelele unataka pumzi, pumzi inatikisa kifua, kifua kinatikisa mgongo, na picha je? Naogopa. Naumeza ukelele wangu, napanda kimya kama mwizi. Napanda, na pingili zina joto, na kila nikipanda mji unajikunja chini yangu, njia zinajipindua, nyua za vioo zinafunguka moja baada ya nyingine, zimejaa wanawake wanaooga, wote hawana nyuso na wote wananyanyua vichwa. Nani huyo anapanda kimyakimya? Mkwezi. Mkwezi gani asiyepiga ukelele? Aibu inanichoma, nataka kuwaambia, dada zangu, mniwie radhi, naogopa kuharibu picha, lakini nimeshaifikia ile pingili iliyopondeka nayo inameguka mkononi kama muwa uliooza. Wanawake wale wanaushika mnazi. Ko ko ko ko, wanautikisa. Naanguka tena, na safari hii ukelele wote niliouficha unanitoka.

Natua kwa miguu, nakimbia. Nakimbia kama mwendawazimu, mchanga unaunguza nyayo, na yule asiye na uso yuko pembeni yangu wala hahemi. Namlilia, nisaidie, natikisika, naharibu picha! Ananiuliza, nani anatikisika? Mimi! Wewe wa wapi? Kabla sijamjibu mikono inanishika makwapani kutoka nyuma, navutwa, kiwiliwili kinakuja lakini miguu haisikii, inakimbia tu, naiona inatokomea mbele baina ya vioo.

Mwanga. Niko chumba cha nje. Pole baba, tumemaliza, anasema Eliamani, na umetulia kweli, picha zote safi, hukutikisika hata kidogo. Alhamdulillahi, nasema, na machozi yananitoka kwa furaha. Halafu mwili unanisisimka. Nilikimbia mimi. Nilirusha miguu kwa nguvu zangu zote. Hata kidogo? namuuliza. Hata kidogo, anasema, lakini hacheki tena. Ameinama kwenye unyayo wangu, anaukwaruza kwa ncha ya kalamu, namwona, lakini unyayo hausikii kitu. Chezesha vidole vya miguu, baba. Nachezesha, mwanangu. Na kweli nachezesha, mchanga wa moto unapita katikati ya vidole, natembea sasa, polepole, njia iko wazi. Si unaona navyochezesha? Ananyanyua kichwa, taa iko nyuma yake, uso wake siuoni. Chezesha, baba, ananiambia tena, kana kwamba sijachezesha.