Kikombe cha Kijani

Siku Dalmas aliponitengea kikombe ndiyo siku niliyojua mume wangu ananidhania nini. Alichukua kile cha kijani kilichomeguka mdomo, akakiweka peke yake pembeni mwa rafu, akawaambia watoto, "Hiki ni cha mama yenu. Mtu asikiguse." Nilikuwa nakaanga omena, wale dagaa wa ziwa letu. Nikageuka na mwiko mkononi nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Si uko na hiyo kitu kwa kichwa."

Hiyo kitu! Mtu umemzalia watoto watatu, leo anakuita kitu.

Ilianza kama kipele juu ya sikio. Nikadhani ni mba. Baadaye nikadhani ni choa, kwa sababu kilikuwa kimetanuka kikawa doa lenye magamba. Likaja la pili, la tatu, mengine yakashuka mpaka shavuni na puani. Doa likipoa, liliacha ngozi laini inayong'aa, haina unywele hata mmoja. Dawa za dukani nilipaka. Mwarobaini nilichemsha nikaoshea. Mama mmoja sokoni akaniambia nijaribu mafuta ya taa, na mimi kwa ujinga nikajaribu, ai yawa, nililia mpaka majirani wakaja. Nywele zikaendelea kutoka na kitana. Nikaanza kufunga kitambaa tangu asubuhi mpaka kulala.

Sasa mwelewe kazi yangu. Mimi ni mama omena. Nanunua Port Victoria, naanika mwenyewe juu ya nyavu kule ufuoni, nauza hapa Kisumu, soko la Kibuye. Kuanika omena ni kushinda juani ukizigeuza, maana ukizubaa ndege wanakula na mvua ikikuwahi zinaoza. Na watu wa ziwa letu wanajua jaboya ni nini: ni yule mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Kwa hiyo mama omena akitokwa na vipele usoni na nywele zikapukutika, hakuna anayemwuliza amekula nini. Wanatazamana tu.

Shiro, ambaye ni rafiki yangu na anauza kofia na mitumba karibu na meza yangu, hakunificha. "Lornah, wanakusema. Wanasema umepata ile."

"Ile gani?"

"Wee, usinifanye niitaje hapa sokoni."

Mimi sina jaboya. Nanunua kwa mwanamke mwenzangu, mjane anaitwa Dorca, mwenye mashua mbili, na Dalmas anamjua mpaka nyumbani kwake. Alijua, na bado alinitengea kikombe. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuwaza. Kwa nini akili yake ilikimbilia huko upesi hivyo? Mtu mwingine angesema ni mba, angesema ni maji ya kisima. Yeye anaendesha trekta la miwa Muhoroni, analala huko wiki nzima, anarudi nyumbani mwisho wa juma. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, basi nikaanza kukagua nguo.

Shati alilorudi nalo lilikuwa limepigwa pasi, mikono imenyooka. Chumba chake Muhoroni nakijua, hakina hata umeme.

"Nani amekupigia pasi?"

"Dobi."

Dereva wa trekta, anashinda kwenye vumbi na masizi ya miwa, ana dobi! Nilifua lile shati mwenyewe, nikalisugua kwa hasira mpaka kifungo kikatoka. Wiki iliyofuata alirudi nalo, kifungo kimeshonwa kwa uzi mweupe, vizuri kuliko ninavyoshona mimi.

Jumatano moja akanipigia simu kutoka kazini. "Jumapili namwita Mama, na Enos atakuja. Ujitayarishe."

Nilikaa chini. Enos ni kaka yake mkubwa, na mwanamume wa kwetu hamwiti mama yake na kaka yake mkubwa ili waje kunywa chai. Wanaitwa ili mke arudishwe kwao. Kwetu ni Katito, Nyakach. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, kwa hiyo watoto wangebaki kwa baba yao, nami ningeshuka Katito na kitambaa changu kichwani, peke yangu, watu wakisema walikuwa wanajua tangu mwanzo. Watoto wangu watatu! Niliogopa. Halafu hasira ikaja ikaizidi hofu.

"Waite," nikamwambia. "Lakini Ijumaa uombe ruhusa twende hospitali. Uje usikie kwa masikio yako."

Alikubali haraka sana. Nilijua kwa nini. Alitaka kwenda kwenye kikao na ushahidi mkononi.

Hospitali ilikuwa imejaa, foleni imetoka mpaka nje ya lango. Dalmas akaanza kunung'unika kwamba tutalala hapo. Kumbe wana utaratibu wao: mwanamke aliyekuja na mume wake hupitishwa mbele, ili wanaume wapate moyo wa kuja. Nesi mmoja mnene, mcheshi, jina lake Nekoye, akatokea mlangoni akapaza sauti, "Nani amekuja na mzee wake?"

Dalmas alinyoosha mkono kabla yangu. Huyo mtu anapenda kupita wengine! Tulipita kina mama wote pale kwenye benchi, yeye ametangulia, kifua mbele, anasema "samahani, samahani" kama mheshimiwa.

Ndani, Nekoye alimsikiliza kwanza yeye, maana hakunipa nafasi ya kusema. "Sista, mke wangu ameharibika ngozi. Nataka apimwe ile kubwa, mbele yangu." Nekoye akaitikia kwa kichwa, akafungua kipimo kimoja akakiweka mezani. Halafu akafungua cha pili akakiweka kando yake.

"Hiki cha mama. Hiki cha baba."

"Mimi si mgonjwa," Dalmas akasema. Akavua kofia akainamisha kichwa ili aonekane vizuri. "Ona. Nywele zangu ziko."

"Nywele hazitupi majibu, baba. Mmepita mbele kwa sababu mmekuja wawili. Mnapimwa wawili."

Nilimtazama Dalmas. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasema, "Eh, bosi, ndiyo, nakuja," akatoka nje. Simu ile haikulia. Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa, haikulia na wala haikutikisika.

Nekoye alinichoma kidole. Tukasubiri wote wawili tukikitazama kile cha pili hapo mezani, kimekaa bure. Aliponiambia kwamba sina, nililia, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya uchungu. Akanipa kitambaa cha karatasi. "Urudi tena baada ya miezi mitatu tuhakikishe," akasema polepole. "Na mpaka mzee apimwe, mama, tumieni kinga. Umenielewa?" Nilimwelewa. Nilikuwa nimeelewa tangu simu ile isiyolia.

Akanipeleka kwa daktari wa ngozi. Huyo alinifungua kitambaa bila kukunja uso, akapapasa makovu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia kuanika omena akasema, "Ahaa." Akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe zaidi, lakini alisema macho yake yanamtosha: huu ni ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, na jua ndilo linalouchochea. Hauambukizi. Si wa kitandani, si wa kitana, si wa kikombe. Palipobaki kovu nywele hazitarudi, ila zilizopo tunaweza kuziokoa kwa dawa na kivuli. Nilisikitika sana kuhusu nywele. Mwanamke gani hangesikitika? Nilinunua kwa Shiro kofia pana kuliko zote alizokuwa nazo.

Dalmas alirudi nyumbani jioni. Akauliza wamesema nini. "Utasikia Jumapili," nikamwambia, "si umeita watu?" Alilala kwenye kochi.

Jumapili Mama akaja kutoka Kombewa na Enos wake. Walikaa sebuleni, nyuso ngumu. Dalmas akaanza, macho yakiwa sakafuni. "Mama, unamwona mwenyewe. Mtu ameharibika hivi, na hataki kusema ameitoa wapi."

Nilikwenda jikoni kuleta chai, kwa sababu hata mke anayefukuzwa huandaa chai kwanza. Mama nikampa kikombe cheupe. Enos nikampa cheupe. Dalmas nikamwekea kile cha kijani.

Alikitazama kama nyoka. "Hiki si changu."

"Ni cha nani?" Mama akauliza.

"Cha... cha Lornah."

"Kwa nini mke wako ana kikombe chake peke yake?"

Basi nikafungua kitambaa mbele ya wote, nikainama waone makovu yote. "Mama, hili ni jua la omena. Daktari amesema haliambukizi mtu. Ile nyingine nimepimwa, sina. Mwanao alikuwa chumba kimoja nami, amewekewa kipimo chake mezani, akaikimbia sindano kwa simu ambayo haikulia. Sasa mnataka kunirudisha Katito. Nirudisheni, lakini mwulizeni kwanza yeye alichokimbia. Na hicho kikombe, Dalmas, nimekupa ili ujue ladha yake."

Enos akakohoa. Mama aliinuka polepole, akaja, akaweka kidole chake juu ya kovu kubwa, lile la juu ya sikio. "Linauma, nyar Nyakach?" Ndivyo alivyoniita siku niliyoolewa, binti wa Nyakach.

"Jua likipiga, Mama."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, ulipimwa?"

"Mama, kazini walikuwa..."

"Nimeuliza ulipimwa?"

Kidevu chake kilikuwa kimegusa kifua. Mama akakichukua kikombe cha kijani mbele yake, akanywa chai ile mpaka nusu, akakirudisha mezani. Halafu akaketi, akajifunga leso vizuri kama mtu mwenye safari.

"Kesho asubuhi naenda naye mwenyewe," akasema, akanitazama. "Hospitali hiyo, mama akija na mwanawe, nao wanapitishwa mbele?"

"Nitamwomba nesi, Mama," nikasema. "Atawapitisha."