Fundi Hazibi Masikio

Asubuhi ile birika lilipiga mluzi mpaka mfuniko ukatetemeka, na kaka yangu alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka jikoni, anasoma gazeti. Nilitoka uani mbio, mikono imejaa povu la sabuni, nikazima jiko.

"Kaka, hukusikia?"

"Kusikia nini?" aliuliza, akafunua ukurasa.

Nilicheka, nikasingizia gazeti limemteka. Moyoni nilijua si gazeti. Nikarudi uani kufua.

Kaka alikuwa fundi wa sauti wa bendi yetu, mimi nikiwa mwimbaji. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya meza ya sauti, vidole juu ya vitelezo vya kuipandisha na kuishusha, akipima gitaa, ngoma na koo langu kama mshonaji anayepima kitambaa cha mteja mgumu. Wanamuziki wote alitununulia vizibo vya masikio. Waliokuja na watoto aliwafuata mwenyewe huko huko mbele: "Mama, msogeze mtoto mbali na spika. Na mzibe masikio. Muziki hautakimbia, utashuka kidogo tu."

Ila yeye hakuvaa.

"Mmeona wapi mpishi akaonja mchuzi huku ameziba pua?" alikuwa akisema, nasi tukicheka, maana mchuzi wake ulikuwa mtamu kweli.

Baada ya siku ya birika, sauti za juu, zile nyembamba na kali, zikaanza kupanda. Kile asichokisikia alikiongeza. Matoazi yakalia kama sahani zinazovunjika. Hata pumzi yangu ilitoka kwenye spika ikichoma kama sindano. Mpiga gitaa, tuliyemwita Mbavu kwa wembamba wake, alinivuta pembeni siku moja baada ya mazoezi.

"Dada, kaka yako anatutoboa. Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mtu aliyenifundisha hata kukunja waya? Nitaanzia wapi?"

Basi ikawa hivyo. Wote tulikuwa na adabu. Tulivisukuma vizibo ndani zaidi, tukaendelea kupiga.

Mwaka ukapita. Alasiri moja, katika ukumbi uliojaa, nilimwona mama wa mstari wa mbele akimbeba mwanawe kumtoa nje, mtoto analia, viganja masikioni. Wengine wakamfuata. Gitaa liliposhika zamu yake katikati ya wimbo, nilishuka jukwaani, nikapenya katikati ya watu hadi kwenye meza, nikazishusha sauti zile kwa mkono wangu. Kaka alinishika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini, mdogo wangu? Umeuzima wimbo!"

"Kaka, watu wanaumia!" nilipaza sauti karibu na shavu lake.

Alivirudisha vitelezo juu, kimoja kimoja. "Huku chini hamna kitu," alisema. "Sikiliza mwenyewe. Hamna kitu." Akanitazama kama mtu aliyerudi chumbani kwake akakuta vitu vyake vimehamishwa, asijue amuulize nani.

Wiki iliyofuata alikubali kupimwa. Daktari wa masikio alitutandazia karatasi yenye mstari uliokwenda sawasawa, kisha ukaporomoka upande wa sauti za juu.

"Sauti zilizokwenda hazirudi," alisema. "Ila angewahi kujikinga, nyingi za hizi angekuwa nazo bado. Mlianza kuona dalili lini?"

Kaka hakulipata swali. Alinigeukia nimjibie, kama nilivyokuwa nikimjibia wauza duka na wageni mlangoni kwa miezi mingi, bila yeyote kati yetu kulitaja jambo lenyewe.

"Yapata mwaka," nilisema.

Hilo alilisikia.

"Mwaka?"

Nilitazama viatu vyangu. Kaka ndiye aliyeninusuru. Alinipigapiga goti mara mbili, akamuuliza daktari choo kiko upande gani, akaenda. Alikaa huko muda mrefu. Daktari alipanga makaratasi yake ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

Bendi ina fundi mwingine sasa, mtu mwangalifu, hana neno na mtu. Kaka anauza balbu na swichi katika duka la mume wangu. Sisi hupiga kila Jumamosi, saa tisa alasiri. Zamu ya Jumamosi dukani ameiomba mwenyewe.