Sweta la Bomba

Bomba la mtaa wao, upande wa Ihumwa, lilizinduliwa kwa utepe na ngoma, likatoa maji siku chache, likakauka. Wanawake wa kikundi cha kufuma walikwenda kulalamika kwa mtendaji wa mtaa, Bwana Eliakimu, hadi wakachoka. Kila mara aliwaambia wawe wavumilivu.

Mwenyekiti wao, Sikudhani, mjane anayefuma vitambaa vya makochi, akasema, "Basi tulivishe. Litangoja muda mrefu."

Wakalifumia bomba sweta jekundu lenye kola na mikono miwili. Kifuani wakaandika kwa uzi mweupe: NASUBIRI MAJI.

Picha zikasambaa kwenye simu. Eliakimu akaja haraka, na wanawake wakajiandaa kufokewa. Kumbe amekuja na mpiga picha. Alisifu ubunifu wa akina mama, akasimama kando ya bomba, bega lake likaziba maandishi.

"Hiki sasa ni kivutio," alisema. "Asiguse mtu bila kibali changu."

Akamweka mgambo, Methusela, alilinde.

Picha zilezile zilimleta fundi wa maji. Methusela akamzuia.

"Nimeagizwa nilinde sweta."

"Mimi nina shida na bomba."

"Bomba liko ndani ya sweta."

Fundi alimpigia mtendaji simu. Hakupatikana; ofisini wakasema yuko kwenye semina ya huduma bora. Fundi akaanza kufungasha vifaa vyake.

Asnath, mwanakikundi aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikaribia kulia. Sikudhani akamsogelea mgambo.

"Shikamoo, mama," alisema Methusela.

"Marahaba, mwanangu. Kuna uzi umechomoza hapo. Wageni wakiuona ni aibu. Niurekebishe?"

Methusela akakubali. Sikudhani akauvuta, Asnath akawa anaviringa donge. Ukaisha mkono mmoja, ukafuata wa pili.

"Mama, mbona linapungua?"

"Ndiyo kurekebisha kwenyewe."

Kwa Methusela nako walikuwa wanafulia maji ya dimbwi. Akageuza kiti chake, akalipa bomba mgongo, akatazama reli iliyopita ng'ambo ya mtaa.

Sweta lilipokwisha, fundi alichimba kidogo, akakuta koki imefungwa, imeshika kutu. Alipoifungua, bomba likakohoa tope, kisha maji meupe. Asnath alinawa uso, akabaki amesimama hapo, maji yakimchuruzika hadi kwenye kanga.

Eliakimu alirudi jioni, akakuta foleni ya ndoo.

"Sweta liko wapi?" alimuuliza mgambo.

Methusela alikuwa ameinama akikinga maji. "Samahani, mheshimiwa," alisema, "umesimama mbele ya dumu langu."