Maikrofoni ya Kiti cha Arobaini na Moja

Kazini walimwita Sikio, na hakuwahi kukasirika, maana jina lenyewe lilimfaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye chumba cha chini cha jengo la bunge, hedifoni kichwani, mguu juu ya kikanyagio cha kurudisha sauti nyuma, akiandika kila neno lililosemwa na waheshimiwa huko juu. Waheshimiwa wakipayuka wote kwa pamoja, wenzake humwita: njoo utusikilizie, sisi tumechoka na hawa watu. Na kiapo alikula siku ya kwanza kabisa: linalosikika chumbani humo halitoki mlangoni.

Wiki ile nchi nzima ilikuwa na mada moja tu. Nchi rafiki ilikuwa vitani, na serikali ilitaka kuipelekea magari ya deraya sitini. Kwa vinyozi, sokoni, redioni, watu nusura washikane mashati. Wengine walisema yule alitufaa siku za dhiki, leo tumpe kisogo? Wengine wakauliza, kwani sisi tunayo mangapi hata tugawe?

Sikio hakuwa na ugomvi na magari. Chuma kiende zake! Kilichomkosesha raha ni maneno manne mwishoni mwa hoja: "pamoja na mafundi wake." Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa magari hayohayo jeshini, na mke wa huyo mwanawe ndiyo kwanza amejifungua, mtoto hata shingo haijakaza.

Lakini Sikio alikuwa na mtu wake. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mbunge. Jimboni walimwita Kinanda, kwa jinsi alivyojua kuwaimbisha watu. Mama yao alipofariki, Sikio ndiye aliyembeba mgongoni, na ndiye aliyeacha shule ili huyu asome. Kwa hiyo Kinanda alipokuja nyumbani akavua koti na kusema, "Dada, lala usingizi wako. Maneno hayo manne nitayatoa mimi. Mpwa wangu haendi popote," Sikio alilala kweli.

Na Alhamisi mchana Kinanda alisimama. Lo, alisema yule mtu! "Tupeleke chuma, tusipeleke watoto wa watu!" Redio zilikuwa wazi kila duka, na hata kule chini watu waliacha kuandika. Kisha ikaja kura, na ilikuwa kura ya sauti: wanaotaka maneno yaondolewe waseme ndiyo, wasiotaka waseme siyo. Vikapigwa vishindo viwili. Spika akaamua kwamba wa siyo wameshinda. Maneno manne yakabaki palepale.

Jioni Kinanda alimpigia simu, sauti imemkwama. "Dada, nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Wametuzidi wingi." Sikio alilia sana, na katikati ya kilio akamwonea huruma huyo mdogo wake, maskini, jinsi alivyojichosha.

Kesho yake asubuhi aliomba aiandike hotuba ile yeye mwenyewe. Pahali pamoja makofi yalikuwa yamefunika maneno. Akafanya kama wanavyofanya siku zote: akamwomba fundi mitambo sauti ya kiti cha arobaini na moja peke yake, maana kila maikrofoni hurekodiwa kivyake. Akalipata neno lililopotea, akaliandika. Mguu ulikuwa bado juu ya kikanyagio, sauti ikaendelea.

Kinanda, kwa kulewa makofi, alikuwa ameketi bila kuzima maikrofoni yake. Sikio alisikia kiti kikilia, akasikia funda la maji. Kwa mbali Spika akawaita wa ndiyo. Kiti cha arobaini na moja, kimya. Spika akawaita wa siyo.

"Siyooo!"

Hapo hapakuwa na kubahatisha. Sauti hiyo aliijua tangu ilipokuwa ikimwita kutoka uani, dada njoo nimeanguka. Kisha mtu wa kiti cha jirani akanong'ona, "Umeiva, mwenyekiti," na Kinanda akacheka.

Sikio alirudisha nyuma mara nne. Huyu! Huyu niliyempakata mimi, niliyemtafunia chakula! Angemwambia mapema kwamba ameshindwa, ameogopa, angemwelewa. Lakini kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha ampigie simu ya kilio? Na taarifa rasmi haina nafasi ya maumivu. Kura ya sauti haiandikwi majina. Akaandika kama kanuni inavyotaka: "Marekebisho yalikataliwa." Alasiri ikatangazwa kwamba Kinanda ni mwenyekiti mpya wa Kamati ya Ulinzi.

Jumapili mchana familia ilikusanyika kumuaga kijana. Kinanda alifika amefungua mikono miwili, akakumbatia kila mtu, akakaa kwenye kiti kikubwa, akaomba apakatishwe mtoto. Kijana akachuchumaa mbele yake.

"Mjomba, umeshindwa lakini umenipigania mbele ya nchi nzima. Kwenye fomu ya jeshi nimeandika jina lako. Likinipata la kunipata, huyu ni wako."

Kinanda akajifuta jicho. "Nilijitahidi, mpwa wangu. Mungu anajua."

Sikio alikuwa akigawa vikombe. Akaliweka sinia chini. "Mungu anajua," alisema, "na mimi najua."

"Unajua nini, dada?"

"Spika aliwaita wa ndiyo, ukanyamaza kimya. Akawaita wa siyo, ukaitika mpaka pumzi ikaisha. Halafu jirani yako akakuita mwenyekiti, siku nzima kabla hatujatangaziwa, na wewe ukacheka. Maikrofoni hukuizima, mheshimiwa."

Nyumbani hakuwahi kumwita mheshimiwa hata siku moja. Kijana alicheka kidogo, akidhani ni uchungu tu unaosema. "Mama, basi jamani. Mjomba, hebu mwambie."

Alisubiri neno moja. Laiti Kinanda angesema si kweli, kijana angemwamini yeye, pengine hata angemgombeza mama yake. Lakini Kinanda hakumtazama mpwa wake. Alimtazama dada yake, na uso ulikuwa umekauka.

"Dada, wewe umekula kiapo. Unajua kwamba hapa umejifukuzisha kazi?"

"Najua," alisema Sikio.

Kijana akasimama, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," alisema.

Kinanda akamtoa mtoto.