Ukienda Kisiwani, Beba Kioo

Shoga yangu, uliniomba ushauri wa safari ukiwa umekaa kwenye kiti changu, kichwa nusu kimesukwa, na mimi nikakujibu kwa mkato kwamba nguo nyepesi zinatosha. Ulinuna. Ukasema, "Pilipili, leo umeamka vibaya." Nisingeweza kukujibu zaidi ya hapo, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na taulo mkononi, anatabasamu. Ni yeye aliyekutia hamu ya kwenda kule. Kwa hiyo nakuandikia. Soma ukiwa peke yako.

Nguo nyepesi, ndiyo. Lakini weka na sweta, maana vibanda vya kule kuta zake ni mianzi na upepo wa bahari hauna adabu. Beba dawa ya mbu na dawa ya tumbo. Biskuti zifiche chini ya nguo, kwa sababu chakula chao ni majani, na kinywaji chao ni maji yaliyopitishwa kwenye hayo hayo majani. Kwenye boti kaa nyuma karibu na injini kama unasikia kichefuchefu. Viatu viwe vya kuvua upesi, utavivua kutwa.

Watakutumia ujumbe kwamba usije na simu, saa wala kioo. Simu waachie, saa waachie. Kioo kifiche. Mimi changu sikukificha kwa ujanja wowote, nilikificha kwa ukaidi tu. Msusi hatembei bila kioo cha mkoba, na sikuzaliwa mtu wa kupangiwa nifunge kilemba kwa kubahatisha. Kila asubuhi nilijifungia bafuni, nikajitazama vizuri, nikafunga kilemba, nikatoka.

Mdogo wangu hakutaka hata kukigusa. "Dada, wamekataza," alisema. "Tumekuja kupona, tufuate wanavyosema."

Nyumbani tunamwita Kifaranga, kwa sababu tangu ajue kutembea alinifuata nyuma nyuma. Baada ya kumzika mama usingizi ulimkimbia. Ofisini alilia juu ya karatasi za watu, nyumbani akamfokea mumewe kwa kijiko kilichoanguka, na mimi alinipigia simu alfajiri kuniuliza kama nakumbuka mama alivyokuwa akicheka. Shemeji ndiye aliyegharamia safari. Aliniambia, "Nenda naye, shemeji. Unirudishie mke wangu." Nikamwahidi.

Ukifika utapewa mwenza. Hao wenza wanavaa nyeupe, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, na sura zao hazikai akilini. Unamtazama mtu asubuhi nzima, ukigeuka tu umeshasahau kama pua yake ilikuwa pana au nyembamba. Kazi yao ni kukaa mbele yako kwenye mkeka. Ukiinua mkono, anainua. Ukivuta pumzi, anavuta. Jioni unamsimulia yote yanayokusumbua, naye anasikiliza bila kusema neno. Wanasema mzigo wako unahamia kwake.

Wa kwangu hakudumu. Kila akinitazama macho yalimtoka machozi, na mkono wake ukawa unachelewa kuufuata wangu. Mwishowe alimwambia mwenyeji wetu, mbele yangu kabisa, "Huyu haingiliki." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilidhani ni mdomo wangu uliomshinda; sasa nasema ni kile kioo.

Wa Kifaranga hakuwa na shida hiyo. Kadiri siku zilivyokwenda alijifunza kucheka na kiganja mdomoni, kama Kifaranga. Alijifunza kukuna shingo kwa kidole kimoja. Mdogo wangu naye akawa mtulivu, halafu akawa mtulivu kupita kiasi. Nikimwita, walikuwa wanageuka wawili, na mwenza ndiye aliyekuwa anatangulia kidogo.

"Mbona hunijibu?" nilimuuliza siku moja tukiosha vyombo.

"Nimekujibu, dada," alisema. Lakini midomo yake ilikuwa imesogea bila sauti, na sauti ikanifikia baadaye. Nikajiambia ni njaa ya yale majani.

Mchana mmoja yule mwenza alikuja kibandani kwangu na kuongea kwa mara ya kwanza. "Dada, na mimi nisuke kama yeye."

Unanijua, shoga. Mtu akiusifia mkono wangu nalegea. Mtindo ule ni wangu mwenyewe, mistari inayokutana utosini na mmoja mwembamba unaozunguka sikio, na mjini hapa hakuna mwingine anayeuweza. Nikamkalisha chini katikati ya magoti yangu, nikamfungua kitambaa. Nywele zilikuwa laini, hazijawahi kupitiwa na chanuo. Na kichwa kilikuwa baridi. Kichwa cha mtu kina joto lake, hata cha mgonjwa. Hiki kilikuwa kama sufuria iliyoshinda jikoni bila moto. Nikamsuka hivyo hivyo, mstari kwa mstari, na nilipomaliza nikajisifu.

Asubuhi ya kuondoka nilichelewa kwa sababu niligombana na mwenyeji, simu yangu haikuonekana. Nilipofika gatini abiria walikuwa wameshakaa botini. Sasa, msusi anawajua watu kwa visogo. Sokoni nitakuita kwa jina kabla sijaiona sura yako. Nikaona kichwa nilichokisuka kwenye benchi la mbele, nikakaa nyuma yake, nikamfinya bega. Akageuka. Ilikuwa sura ya Kifaranga, jicho kwa jicho, jino kwa jino.

Wenza walikuwa wamejipanga gatini kutuaga. Mmoja alikuwa na kitambaa kimefungwa vibaya, anafungua na kufumba mdomo, mkono mmoja ameuweka sikioni. Nikadhani anatuaga kwa namna yao. Nikampungia. Nilimpungia, shoga, na boti ikaondoka.

Nyumbani furaha haikuwa na mfano. Mgeni wetu analala usiku kucha. Hafokei mtu. Mtoto wao anamng'ang'ania, na Shemeji kila akiniona ananishukuru mpaka naona aibu. Mimi niligundua nilipomfumua na kumwosha hapa saluni. Kifaranga ana kovu nyuma ya sikio la kushoto. Nilimuunguza mwenyewe na chanuo la moto tukiwa wadogo, na tangu siku hiyo ukipeleka mkono pale anapandisha bega, hata akiwa usingizini. Niliosha, nikapapasa, nikapapasa tena. Ngozi ilikuwa laini, na bega halikupanda.

"Unatafuta nini, dada?" aliniuliza.

"Mba," nikasema.

Shemeji nilipomdokezea aliniambia, kwa heshima, kwamba msiba wa mama ulinigusa na mimi pia, labda zamu yangu ya kupumzika imefika. Nikaenda mwenyewe mpaka gatini, upande wetu huu, nikamkamata nahodha wa boti. Hakukasirika. Alisema, "Mama, waliokwenda ndio waliorudi. Idadi ilitimia. Mimi natazama idadi tu."

Niliporudi saluni siku iliyofuata nilikuta harufu ya nywele zilizoungua. Chanuo la chuma lilikuwa juu ya jiko, bado la moto. Mgeni wetu, ambaye siku hizi anashinda hapa kunisaidia, alikuwa anafagia. Nilipomkalisha kumsuka, nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na jeraha bichi, mahali penyewe hasa, ukubwa ule ule. Nikasogeza mkono, na bega likapanda. Lilichelewa kidogo tu.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Huyu ni mwema kuliko wangu. Wangu alikuwa mkorofi, anaazima vitu harudishi, analia ovyo, anasimulia ndoto zake kana kwamba mtu kamuuliza. Huyu hajanikosea hata siku moja. Na mimi namtaka yule wangu, namtaka mpaka kifua kinauma. Yuko kule na kitambaa kichwani, anasikiliza shida za wageni, na kila boti inapofika nadhani anatazama kama ni mimi.

Kwa hiyo na mimi nimekata tiketi, boti ile ile utakayopanda wewe. Nimekata mbili. Kama nahodha anatazama idadi, basi idadi ataipata. Tutakwenda wawili, nitamwacha mmoja na kurudi na mwingine. Huyu nilipomwambia hakubisha hata kidogo. Alifurahi kama mtoto. Alichoomba ni kwamba nimsuke kabla hatujaondoka, na kwamba na yeye anisuke mimi, mtindo ule ule, eti tufanane. Nilikataa. Jana nilisinzia kwenye kiti mchana, na nilipoamka mstari mmoja mwembamba ulikuwa tayari umezunguka sikio langu. Nimeufumua.

Basi ushauri wangu ndio huo. Ukifika, usimsuke mtu wala usikubali kusukwa. Ukiwa mbele ya wenza, inua mkono polepole karibu na sikio la kushoto la kila mmoja. Atakayepandisha bega kabla hujamgusa ni Kifaranga. Mshike mkono usimwachie, hata kama haongei, mpaka nikufikie hapo.

Kioo usisahau. Nilikuwa nimepanga tutumie changu, lakini tangu jana hakionekani mkobani, nimeumwaga wote mezani na hakimo. Nimemuuliza. Amenisaidia kutafuta kwa moyo mmoja, mpaka chini ya makabati. Kwa hiyo beba viwili, kimoja uweke kwenye nguo za ndani, na unipe kingine tukiwa bado upande huu wa maji.

Na siku ya kurudi, ukiniona nimekaa benchi la mbele, usitazame kisogo. Niite Pilipili kwa sauti, watu wote wasikie. Nikikutukana, kaa utulie, tunarudi nyumbani. Nikikugeukia na kukutabasamia kwa upole, shuka kwenye hiyo boti uende ukanitafute gatini.