Kadi Iliyoombewa

Kabla ya kuwasha kompyuta yangu, Okemwa alisema tuombe. Yeye ni fundi, tena anaimba besi katika kwaya yetu hapa Homa Bay. Akaweka mkono juu ya mashine, akamwomba Mungu aibariki kadi mpya ya picha, ile inayoiwezesha kompyuta kuchakata video, aliyoniuzia akisema ameitoa Isebania. Nikasema amina kwa sauti.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi tulikuwa tunamzika Mwalimu Mong'ina aliyetufundisha kuimba, na filamu yake, ambayo bado haijahaririwa, nilikuwa nayo mimi. Watoto wake walitaka kumsikia akiimba kwa mara ya mwisho. Kadi yangu ya zamani ilikuwa imeungua, na bila kadi programu ya kuhariri haifunguki.

Feni ikazunguka, Okemwa akabeba mkoba wake akaenda. Lakini kompyuta haikuiona kadi. Nikaichomoa, nikaikandamiza tena mpaka ikalia ta! Nikabadilisha waya wa umeme. Nikafuta draiva, ile programu inayoiendesha kadi, nikaiweka upya. Wapi! Nikampigia.

"Dada Nyasuguta, si ungoje kidogo? Kadi ikiwa mpya inachukua muda kuzoea mashine."

Kuzoea! Kwani ni bi harusi? Lakini nilingoja siku nzima, kwa sababu alikuwa ndugu katika Bwana.

Jumatano asubuhi nikachukua kifutio cha mwanangu nisugue meno ya kadi, huenda yalikuwa na uchafu. Kidole kikagusa stika iliyoanza kubanduka. Nikaivuta. Chini yake palikuwa na nukta tatu nyekundu za rangi ya kucha.

Sufuria zetu sisi wanawake huazimwa kila penye matanga, na isiyo na alama hairudi. Zangu zina nukta tatu. Hata kadi yangu iliyoungua, ile ambayo Okemwa alisema ataitupa, niliitia nukta tatu siku niliyoinunua.

Alikuwa ameniuzia kadi yangu mwenyewe, na bado mbovu. Nililia kwa hasira, kisha nikazunguka mjini kutwa nikitafuta nyingine. Sikupata.

Mwalimu Mong'ina alizikwa bila sauti yake kusikika. Binti yake, Edinah, aliniangalia mara moja tu, akageukia kaburi. Okemwa aliimba besi, macho ameyafumba.

Tulipomaliza, nikaiweka kadi juu ya kitabu chake cha nyimbo. Akaziona nukta.

"Dada, pesa yako nitarudisha," akanong'ona.

"Pesa kaa nayo," nikamwambia. "Nirudishie amina yangu."