Geuka, Baba

Seremala alinoa pembe za fahali kwa tupa ileile anayonolea msumeno, na unga mweupe ukawa unamwangukia Mama Plau mikononi. Yeye ndiye aliyeshika kamba ya pua. Fahali yule hakumruhusu mtu mwingine kumsogelea, ndiyo maana waandaaji wa mapambano ya mafahali wakamwita yeye, mwenye mnyama. Tupa ilipokaribia ncha, unga ukaanza kuwa mwekundu, na fahali akamkandamizia Mama Plau paji la uso kifuani.

"Umefika kwenye nyama," Mama Plau alisema.

"Pembe haina nyama," seremala akajibu, akaendelea. Kazi yake ni kutengeneza vitanda.

Fahali aliitwa Bwana Harusi. Marehemu mume wa Mama Plau ndiye aliyempa jina hilo kwa ajili ya mwendo wake: polepole, kichwa juu, hana haraka na mtu. Miaka sita alikuwa amevuta plau. Nusu ya mashamba ya jirani yalilimwa naye, na Mama Plau na binti zake wawili walikula kwa jasho la mnyama huyo. Hakuwahi kumpiga mtu pembe. Kosa lake kubwa lilikuwa kuangusha kamba ya kuanikia nguo, siku moja, akijikuna.

Wiki moja kabla ya hapo Mwenyekiti wa kamati ya mapambano alikuja nyumbani mwenyewe. Alikataa kiti, akakataa chai, akausifu ua ulivyofagiwa. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kualikwa, na Treni, fahali wa mfanyabiashara wa mbao, hakuwa na mpinzani. Wenye mafahali wa maana walikuwa wamewaficha kwa ndugu zao wa mbali. Mama Plau hakuwa na ndugu wa mbali.

"Huyu ni wa kulima, Mwenyekiti," alimwambia. "Ugomvi haujui."

"Hatumlazimishi mtu, mama yangu. Ila mashamba ya bondeni yanagawanywa upya mwezi ujao, na orodha naiandika mimi. Nami ni binadamu, nawakumbuka walioshirikiana nasi."

Shamba lake lilikuwa bondeni. Hakuwa na lingine.

Basi akamwongoza Bwana Harusi mpaka kwenye stoo ya kamati, ya kuta za saruji, isiyo na dirisha, akamfungia humo kwa mkono wake mwenyewe. Siku tatu. Walimkataza kumpa maji, kwa kuwa giza na kiu humpandisha mnyama hasira. Kila mchana alikwenda kusimama nje ya mlango wa bati, na kila alipokohoa, fahali aligonga bati kwa ndani mara moja, bila fujo, kama mtu anayebisha hodi. Mama Plau alijichukia kwa kukohoa, na bado alikohoa. Asubuhi ya mapambano bwana mifugo alipita na gari, akaandika "mzima" bila kuzima injini. Kisha wakammiminia fahali pombe kinywani, ndoo nzima. Alikuwa na kiu, akainywa yote.

Jambo moja tu lilimpa Mama Plau nguvu ya kuishika ile kamba. Bwana Harusi hatapigana. Atasimama uwanjani kama zuzu, watu watamcheka, atafukuzwa, nao watarudi nyumbani wameaibika vizuri kabisa. Aliiombea aibu hiyo usiku na mchana.

Na ikaja. Treni aliingia amepakwa pilipili machoni, akichimba vumbi kwa kwato. Bwana Harusi, akipepesa macho kwa lile jua, alinusa majani kidogo, kisha akatembea kwa mwendo wake uleule mpaka kwenye uzio, akasimama mbele ya Mama Plau. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni rasmi hakucheka. Alitazama saa yake.

Mwenyekiti akaja upesi, jasho likimtiririka, vijana wawili nyuma yake wameshika fimbo zenye misumari. Alimweleza Mama Plau kwa upole kwamba achague. Ama vijana wamsukume fahali, ama yeye azunguke upande wa pili na kumwita, apite katikati.

"Wagusane pembe mara moja tu, nitatangaza sare. Halafu umchukue wako, ukalime."

Mama Plau aliitazama misumari. Akapiga moyo konde, akazunguka, akaita, "Haya, baba. Twende." Bwana Harusi aliinua masikio, akaanza kuuvuka uwanja kumfuata. Alipofika katikati, Treni alikuwa tayari anamjia mbio kwa nyuma, na yeye hakuwa akimwona.

"Geuka!" Mama Plau alipiga kelele. "Geuka, baba!"

Ndilo neno alilomwambia kila walipofika mwisho wa shamba, miaka sita, mara mia kwa siku. Naye akageuka kama alivyofundishwa: taratibu, mpaka nusu, ubavu wazi, kisha akasimama, akimsubiri mama anyanyue plau ili wauanze mstari mwingine. Pembe ya Treni iliingia yote.

Sare haikutangazwa. Watu walisimama juu ya viti wakishangilia, na Treni akatolewa kwa kamba nne. Bwana Harusi alilala ubavu katikati ya uwanja. Mama Plau alitaka kulia, sauti ikamtoka kidogo tu, na pale pale akamwona fahali anainua kichwa na kujaribu kujizoa. Kilichokuwa ndani kikazidi kumwagika nje. Akajitia upindo wa kanga kinywani, akauma. Mwanamke mmoja jirani yake alimwambia mwenzake kwamba wako watu wana roho ngumu, mnyama wake anakufa na hata chozi hana.

Mgeni rasmi aliuliza kama yule fahali hawezi kusimama, kwani mpiga picha wake alikuwa amechelewa. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti, akaja nacho mpaka uziani, akakishusha mbele ya uso wa Mama Plau.

"Mwite, mama yangu," alisema. "Wewe anakusikia."

Mama Plau alitikisa kichwa. Akabana meno. Hakusema neno, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu mno, na pumzi yake ikatoka kwenye spika zote nne, ikaenea uwanja mzima. Bwana Harusi aligeuza sikio. Akakunja mguu wa mbele, akaweka goti chini, akaanza kujiinua.